Mazungumzo ya Nyumbani: Ndovu na Mtu Wake



Tumeletewa barua na mwalimu mmoja. Asema ya kwamba katika kitabu cha kusomea cha darasa lake mna picha ya ndovu wa Bara Hindi akiburura gogo, na mtu ameketi shingoni pake, miguu ameificha nyuma ya masikio yale makubwa. Watoto walipoiona wakaanza kubishana. Wengine walisema, "Mnyama huyu ampenda bwana wake." Wengine wakasema, "La, amwogopa tu." Ndipo msichana mmoja, ambaye kwa desturi hasemi sana, akauliza, "Je, akishuka mtu huyo, akapanda mwingine, ndovu atakubali?" Mwalimu hakuwa na jibu, wala hakutaka kubuni, akatuandikia sisi.

Twamshukuru mwalimu, na binti yule twamshukuru zaidi. Wako watu waliojiuliza swali lake baada ya kuchimba kaburi.

Kwanza neno moja juu ya jina. Wengi husema tembo, nalo ni neno jema; lakini tembo pia ni ulevi wa mnazi, na mwalimu asemaye, "Leo tutajifunza habari za tembo," hupata kicheko kabla ya somo. Kwa hiyo sisi twasema ndovu.

Tena, kabla ya kujibu, hatuna budi kueleza jambo lililotupata sisi wenyewe, ili msomaji ajue kwa nini barua hii ilitugusa. Tulipokuwa wavulana katika shule ya misheni, asubuhi moja ya masika wakulima walitujia wakimsukuma ndama wa ndovu. Walimkuta ametumbukia katika shimo la maji shambani, na kundi lake limekwisha kwenda zake. Alikuwa mdogo, mgongo wake haukufika kifuani pa mtu mzima, na kichwani alikuwa na nywele ngumu nyekundu. Wakubwa walipeleka habari kwa wenye kuangalia wanyama wa mwitu, lakini mto ulikuwa umefurika na gari halikuweza kuvuka. Basi ikawa juu yetu kumtunza.

Akakabidhiwa mwenzetu mmoja, mvulana mpole aliyejua kukamua ng'ombe. Alilala naye katika banda la kuni. Ndama akamfuata kila mahali, hata mlangoni pa darasa, akanyonya vidole vyake kama mtoto mchanga. Sisi wengine tulipomkaribia alitusukuma kwa kichwa, nasi tukaanguka tukacheka. Maziwa ya ng'ombe yalimharisha, walakini hakuacha kunywa, maadamu mkono uliomnywesha ni ule ule.

Kisha ikaja habari ya msiba kwao yule mvulana, akaenda kuzika, akakaa siku nne. Tulimpa ndama maziwa yale yale katika chupa ile ile. Hakunywa. Alisimama ameelekea njia. Siku ya tatu akalala ubavu, na ya nne akafa, na mwenzetu akarudi jioni ya siku ile ile. Tulimwambia kwamba yalikuwa ni maziwa. Huenda ni kweli yalikuwa maziwa. Lakini kila mmoja wetu alikuwa na fikira nyingine moyoni, naye vile vile.

Sasa na turudi kwenye barua. Mwalimu auliza pia kama ni kweli wasemavyo watu, ya kuwa ndovu wa Bara Hindi hufugika na ndovu wa Afrika hafugiki. Si kweli. Na ushahidi umo katika nchi hizi zetu.

Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitaka kujua kama ndovu waweza kuchukua mizigo mahali pa wapagazi, katika njia ambazo mbung'o huua ng'ombe na farasi. Akanunua ndovu wanne kule Bara Hindi, madume wawili na majike wawili, wakaletwa kwa meli pamoja na Wahindi waliowazoea, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam. Mkuu wa safari alikuwa Kapteni Carter. Nia ilikuwa kwamba wakifika salama wawe walimu, wasaidie kuwakamata na kuwafundisha ndovu wa huku.

Wakaondoka pwani mwezi wa Julai, wakapita mabonde na matope, wakafika Mpwapwa, ambako wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kujenga. Fikirini mshangao wa watu waliosimama njiani! Walijua ndovu ni mnyama wa kukimbiwa au wa kuchomwa mkuki, na sasa wamwona akipiga magoti kwa neno la mtu mwembamba asiye na silaha. Lakini waliopanga safari walimtazama ndovu kwa ukubwa wake tu. Wazee husema tembo hashindwi na mkonga wake. Nao walidhani neno hilo lahusu na masanduku pia. Mizigo ilikuwa mizito kupita kiasi, na chakula cha nafaka walichozoea kwao hakikupatikana vya kutosha. Mmoja alianguka Mpwapwa akafa, na wawili wakamfuata kabla ya safari kwisha. Jike mmoja, jina lake Pulmalla, ndiye aliyefika Karema kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi wa Desemba mwaka ule ule, naye hakuishi sana. Carter mwenyewe aliuawa vitani Mpimbwe mwaka 1880, pamoja na mwenzake Cadenhead, walipokuwa wakirudi pwani. Karema ikakabidhiwa mwaka 1885 kwa Mapadre Weupe, na hivyo ndivyo jina lake lijulikanavyo na wengi wetu. Lakini kabla ya padre kufika kule alikuwa amekwisha kufika ndovu wa Bara Hindi.

Hata hivyo shauri la kufuga ndovu halikufa. Miaka ishirini baadaye, katika nchi ya Uele kaskazini ya Kongo, ofisa mmoja wa mfalme yule yule, jina lake Laplume, alianza kuwakamata ndovu wa Afrika wenyewe, akaweka kituo mahali paitwapo Api. Alijaribu njia kadhaa, na ndovu wengi walikufa kabla kazi haijaelekea. Waliofanikisha hasa ni Waazande. Hao walikwenda kwa miguu, wakalifukuza kundi kwa kelele na milio ya bunduki, wakamtenga ndovu kijana, wakamkimbilia na kumtia kamba mguuni, kisha wakaifunga kamba mtini upesi kabla mama yake hajageuka. Msomaji na ajiulize kama yeye angeweza kuishika kamba ile.

Kijana aliyekamatwa aliwekwa katikati ya ndovu wawili wakubwa waliokwisha kufundishwa, mmoja kuume na mmoja kushoto, wakamwongoza mpaka kituoni. Kule akafungwa, na mtu mmoja akapewa kazi ya kumkalia karibu: kumpa chakula kwa mkono, kumpangusa kwa matawi, kumwimbia, kumpeleka mtoni kuoga. Walioletwa kutoka Asia kufundisha kazi hii walikwenda zao, lakini wasafiri walioandika habari za kituo wasema nyimbo zao zilibaki vinywani mwa Waazande, na ndovu waliozaliwa katika nyasi za Uele wakatulizwa kwa sauti za Bara Hindi. Twalipenda jambo hili kuliko yote ya Api.

Lakini msomaji asidhani kwamba upole ule ulikuwa desturi ya serikali ile. Katika miaka hiyo hiyo watu wa Kongo walikuwa wakipigwa mijeledi na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira wa msituni. Ndovu aliimbiwa, na mwenye kumwimbia huenda ndugu yake alikuwa kifungoni.

Mwaka 1927 kituo kingine kikafunguliwa Gangala-na-Bodio, kando ya mto Dungu. Ndovu wa kule walivuta magari, walilima kwa jembe la kukokotwa, walitoa magogo. Baada ya uhuru wa 1960 kazi ilififia, vita vikaivunja, hata wakabaki ndovu wachache tu wa kuwapandisha wageni waliokuja kutazama mbuga ya Garamba. Basi ndovu wa Afrika hufugika. Na twataka mwalimu aliandike hilo ubaoni.

Ila afahamu neno "kufugika" lina maana gani hapa. Ng'ombe wetu ni mtoto wa ng'ombe waliofugwa, na hao ni watoto wa wengine waliofugwa, vizazi elfu. Ukali wao ulipunguzwa kwa kuchagua mbegu. Ndovu hakuchaguliwa hivyo. Hukawia kuzaa, mimba yake ni miezi ishirini na miwili, na mara nyingi watu waliona ni rahisi kumkamata wa mwituni kuliko kumngoja azaliwe zizini. Kwa hiyo ndovu aliyefungwa leo ni mnyama wa mwitu aliyefunzwa. Ukimwondolea mafunzo, wa mwitu yumo ndani, mzima.

Mafunzo hayo ni nini? Huko Asia mtu wa ndovu kwa Kihindi huitwa mahawati. Zamani kazi ilikwenda kwa urithi, baba akimpa mwanawe, na kijana alikua pamoja na ndovu wake. Katika misitu ya miti ya msaji kule Burma, ambayo sasa ni Myanmar, kazi ilikuwa na taratibu njema kuliko mahali pengi. Jioni ndovu alifunguliwa mzigo, akaoshwa, akafungwa minyororo mirefu kidogo miguuni na kengele ya mti shingoni, akaachwa aende msituni kula usiku kucha na kukutana na wenzake. Asubuhi mtu wake alifuata nyayo, akisikiliza kengele, akamwita kwa sauti kutoka mbali ili asimshtue. J. H. Williams, Mwingereza aliyekaa nao miaka mingi, aliandika kwamba ndovu wengine walijifunza kuziba kengele zao kwa tope, wapate kuingia mashamba ya ndizi kimya kimya. Mwenye shamba hakucheka, lakini twaamini mtu wa ndovu alicheka kwa siri.

Tazameni basi kazi ya mtu yule. Kila alfajiri alikwenda peke yake porini kumwomba mnyama mwenye uzito wa watu hamsini arudi kazini. Kwa nguvu asingaliweza.

Lakini tusifiche upande wa pili. Katika nchi nyingi za Asia ndama hutolewa kwa mama yake, akafungwa katika zizi finyu la magogo, akanyimwa usingizi na chakula, akapigwa na kuchomwa, hata akubali amri. Na chombo cha kazi ni fimbo fupi yenye ncha ya chuma na kulabu, ambayo huguswa nyuma ya sikio mahali ngozi ilipo nyembamba. Mwenye ujuzi huigusa kidogo tu. Asiye na ujuzi hutoboa. Basi wale watoto waliosema, "Ampenda," na wale waliosema, "Amwogopa," wote wawili wamesema kweli, na mara nyingi ni juu ya ndovu mmoja na siku moja. Tumeyaona hayo hata katika nyumba za watu.

Sasa hatari. Ya kwanza hutoka katika damu ya mnyama mwenyewe. Dume aliyekomaa hupatwa kila mwaka, au karibu na hivyo, na hali ambayo Wahindi huiita masti, yaani ulevi. Maji mazito hutoka katika tundu lililo kati ya jicho na sikio, mkojo humchuruzika, naye hutafuta majike na kupigana na kila amzuiaye. Hudumu majuma kadhaa, pengine miezi. Wakati huo mahawati wenye akili humfunga kwa minyororo minene chini ya mti, wakamtupia chakula kwa mbali. Ndovu aliyemlea mtu tangu ujana wake aweza kumwua siku hiyo. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ndovu wa Afrika hana masti. Lakini mwaka 1981 akina mama wawili, Joyce Poole na Cynthia Moss, waliokuwa wakiwatazama ndovu wa Amboseli nchini Kenya, waliandika na kuonyesha ya kuwa anayo. Wafugaji wa ndovu wetu katika nchi za ng'ambo walikuwa wamekaa na jambo hilo miaka mingi bila kulijua kwa jina lake.

Huko Kerala, kusini ya Bara Hindi, ndovu wengi hukodishwa kwa sikukuu za mahekalu. Dume asimamapo saa nyingi juani juu ya lami, kati ya ngoma na fataki na maelfu ya watu, naye karibu na wakati wake wa masti, si ajabu vifo hutokea. Mwenye ndovu yu mbali, amehesabu fedha yake. Anayekanyagwa ni mahawati. Tena siku hizi wengi wao si wana wa mahawati. Ni vijana walioajiriwa kwa mshahara mdogo, huyu akitoka, yule akiingia.

Na hapa ndipo swali la yule binti. Akishuka huyu akapanda mwingine, ndovu atakubali? Jibu ni kwamba pengine atakubali, lakini kwanza atamjaribu. Humjua mtu kwa harufu, kwa sauti, kwa uzito wa miguu yake nyuma ya sikio. Mgeni akimwamuru kabla ya kufahamiana, hungoja. Mwaka 1916, huko Marekani, mtu aitwaye Eldridge aliandikwa kazi katika sarakasi moja, naye hakuwa na ujuzi wa ndovu. Muda mfupi tu baadaye, tarehe 12 Septemba, alipandishwa juu ya jike mkubwa aitwaye Mary katika mji wa Kingsport, jimbo la Tennessee. Mary alimtupa chini akamwua. Wasimulizi hawapatani juu ya alilomtenda, ila wapatana kwamba alikuwa mgeni. Kesho yake watu wakamchukua Mary mpaka Erwin, wakamtundika kwa mashine ya kunyanyulia mizigo ya reli, mbele ya mkutano mkubwa. Aliyemwajiri mtu yule na kumpandisha hakutundikwa.

Mtu aweza kusema, "Basi dawa ni rahisi: mpe ndovu mtu mmoja, wasiachane." Sikilizeni habari ya Jumbo.

Jumbo alikuwa ndovu wa Afrika, alikamatwa mdogo upande wa Sudan mwanzoni mwa miaka ya 1860, akapelekwa Paris, kisha mwaka 1865 London, katika bustani ya wanyama. Wako wanaosema jina lake limetoka katika jambo letu, au jumbe letu. Sisi hatutagombana nao. Alifika mgonjwa, ngozi imeharibika, akakabidhiwa mtu mmoja, Matthew Scott. Scott hakuoa, hakuwa na rafiki wengi. Alimwuguza usiku na mchana hata akapona. Jumbo akakua akawa mkubwa kupita ndovu wote waliojulikana kule Ulaya, na watoto wa London walipanda mgongoni pake kwa miaka mingi.

Mchana alikuwa mpole kama kondoo. Usiku alipiga kuta za nyumba yake, akavunja pembe zake mwenyewe juu ya vyuma. Scott peke yake ndiye aliyeweza kumtuliza. Mkuu wa bustani, Bartlett, aliogopa, maana alidhani masti imekuja; akaona vile vile ya kuwa ndovu huyu hana bwana mwingine ila Scott, na Scott ajua hivyo, hawezi kuamriwa na mtu. Je, Scott akiugua? Akaomba apewe bunduki ya kutosha kumwua mnyama ikiwa lazima. Badala yake, mwaka 1882, Jumbo akauzwa kwa paundi elfu mbili kwa Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani. Watoto wa Uingereza waliandika barua kwa maelfu wakimlilia. Jumbo alikataa kuingia katika sanduku la safari, akalala barabarani; na wako waliomshuku Scott kwamba alimpa ishara. Alikubali kuingia baadaye tu, Scott naye alipokwisha kuajiriwa aende pamoja naye.

Tarehe 15 Septemba 1885, katika mji wa St. Thomas nchini Kanada, wakiwa njiani kurudi katika behewa lake usiku, treni ya mizigo ilimgonga. Scott alikuwapo, naye alilia waziwazi mbele ya watu. Juzijuzi tu, mwaka 2017, ilitangazwa kwamba wataalamu waliotazama mifupa yake walikuta magego yameharibika vibaya kwa chakula laini kisichomfaa. Basi ghadhabu zile za usiku, ambazo wakubwa walitaka kuzinyamazisha kwa bunduki, yamkini zilikuwa maumivu ya meno. Scott alimpenda miaka ishirini, akampa hata pombe kwa mkono wake, naye hakulijua hilo. Hatumlaumu. Twaona tu kwamba kumpenda mnyama na kumfahamu ni mambo mawili.

Yako mengine ambayo tutayapita upesi. Kifua kikuu huenda kutoka kwa mtu hata kwa ndovu, na kutoka kwa ndovu hata kwa mtu, nao wakaao pamoja hupumuliana. Tena riziki zao zimefungwa pamoja: Thailand ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwaka 1989, ndovu na watu wao wote wawili walikosa kazi, na wengine wakaenda mijini kuomba ndizi barabarani. Na katika bustani nyingi za wanyama huko Marekani, tangu miaka ya 1990, mlezi haingii tena zizini. Hukaa nyuma ya vyuma, ndovu huleta mguu au sikio penye tundu kwa hiari yake, akapewa tunda. Akikataa, huenda zake. Mahawati wa zamani angeliona kazi hiyo haina heshima. Lakini mlezi hurudi nyumbani jioni kwa mkewe.

Tumeliacha la mwisho kwa kuwa latuhusu. Katika Tsavo, Kenya, aliishi mama aitwaye Daphne Sheldrick, mke wa mwangalizi wa mbuga. Kwa miaka mingi alijaribu kuwalea ndama wachanga walioachwa yatima, wakafa mikononi mwake, kwa sababu mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayafai matumbo yao. Mwishowe, katika miaka ya 1970, aliona kwamba maziwa ya unga ya watoto yaliyotiwa mafuta ya nazi hukubalika. Ndama wa kwanza kuishi hivyo aliitwa Aisha. Aisha alinenepa, akamfuata mama yule kama kivuli. Alipokuwa na umri wa miezi kama sita, binti wa Daphne akawa anaolewa, naye mama akasafiri kwenda arusini, akamwachia mtu mwingine maziwa yale yale na maagizo yote. Aisha hakula. Mama aliporudi alimkuta amekonda, akafa mikononi mwake.

Tulisoma habari hiyo tukiwa watu wazima wenye watoto, tukaweka kitabu chini.

Daphne Sheldrick alifariki mwaka 2018, lakini yatima wangali wakilelewa Nairobi kwa namna aliyoifanya baada ya Aisha. Kila ndama hulala na mlezi karibu naye, mtu amlalie juu ya jukwaa na blanketi, maana ndama akiwa peke yake hufa kwa huzuni. Lakini mlezi wa jana si wa leo. Hubadilishana, ili mtoto apende kundi zima la watu, na mmoja wao akienda likizo au akifiwa, asigeukie ukuta. Wakikua hupelekwa Tsavo, ambako walezi hutembea nao porini mchana, kisha huwaacha waende na ndovu wa mwitu kadiri wapendavyo. Wengi wamekwenda wasirudi kulala. Na wako majike waliorudi baada ya miaka, wakiwa na ndama waliozaliwa porini, wakasimama karibu na wale watu na kuwaacha wawatazame watoto wao.

Yule mwenzetu wa banda la kuni sasa ni baba wa watoto watano, ana shamba na ng'ombe wawili wa maziwa. Tulipopata barua ya mwalimu tulikwenda kwake jioni, tukamsomea habari ya Aisha. Alinyamaza muda mrefu, mkewe akaleta chai, ikapoa. Kisha akatuuliza kama ni kweli wale walezi wa Nairobi hubadilishana kila usiku. Tukamwambia ndiyo, kila usiku.